Mafuta ya chungu, samaki wa ziwa na figo zetu

Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, Fizi

  

Katika mkutano uliopita mliuliza swali moja, na kamati ilipewa kazi ya kulijibu. Mlisema: sanduku letu la wagonjwa linasaidia malaria, linasaidia uzazi, linasaidia mtoto aliyevunjika mkono, lakini ugonjwa wa figo ukiingia katika nyumba moja, sanduku linalia. Je, kuna namna ya kuuzuia mbele haujafika? Leo tunaleta jibu. Hatukuja na dawa wala chupa ya vidonge. Tutazungumza juu ya chungu, juu ya mafuta tunayotia ndani yake, na juu ya samaki tunaowauza wote asubuhi.

Tuanze na figo yenyewe, maana mtu hawezi kulinda kitu asichokijua. Kila mtu ana figo mbili, nyuma, chini ya mbavu, kila moja kubwa kama ngumi. Ndani ya figo moja kuna vichungi vidogo sana karibu milioni moja. Kwa siku moja figo zinachuja maji ya damu karibu lita 180, zinarudisha karibu yote mwilini, na kutoa mkojo lita moja au mbili tu. Vichungi hivyo vimetengenezwa kwa mishipa myembamba kuliko unywele. Kitu chochote kinachoharibu mishipa ya damu kinaharibu figo. Ndiyo maana adui wawili wakubwa wa figo ni tansiyo ya juu na ugonjwa wa sukari.

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba hausemi. Malaria inakutetemesha siku ileile, lakini figo inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na mtu bado analima, bado anavua, bado anabeba mzigo. Siku miguu inapovimba na chakula kinapokataa kupita, mara nyingi tumekwisha kuchelewa. Mwaka 2009 waganga wa Kinshasa walitangaza matokeo ya kupima watu 500 wa mji ule. Walikuta asilimia 12 hivi wana dalili za ugonjwa wa figo wa muda mrefu, na kati yao waliojua kwamba wanaumwa walikuwa wachache sana. Kinshasa ni mbali na sisi, kweli, lakini tansiyo na sukari ni zilezile.

Na figo zikisimama kabisa, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa juma, saa 4 hivi kila mara, maisha yote, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Ili kuipata mashine hiyo, mtu anaacha Fizi, anaacha shamba na watoto, anahamia mji mkubwa. Sanduku letu la michango haliwezi kumbeba hata mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Tunasema wazi ili tusidanganyane: kwa watu kama sisi, kuzuia njo matibabu.

Sasa mafuta. Watu wengi wanafikiri mafuta ni kitu kimoja. Hapana. Ukitazama kwa ndani, mafuta yote yanafanana na mnyororo. Kuna mnyororo uliofungwa kila mahali, hauna nafasi, unasimama imara. Hayo ndiyo mafuta yanayoganda upesi, kama ya nyama ya ng'ombe. Kuna mnyororo wenye nafasi moja tu. Na kuna mnyororo wenye nafasi nyingi, unajipinda, haugandi kwa urahisi. Haya ya mwisho wataalamu wanayaita poliansachureti. Yana jamaa mbili kubwa: omega-6, iliyo nyingi katika mafuta ya alizeti, soya na karanga, na omega-3, ambayo ile yenye nguvu zaidi inatoka kwa samaki. Mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea jamaa hizi mbili tangu mwanzo. Lazima zipite mdomoni.

Omega-3 ya samaki inafanya kazi gani? Inaingia katika ngozi ya kila chembe ya mwili. Inatuliza moto wa ndani, ule uvimbe usioonekana unaokula mishipa polepole. Inapunguza mafuta yanayotembea katika damu. Inashusha tansiyo kidogo. Yote matatu yanahusu vile vichungi vyembamba tulivyovitaja.

Mtatuuliza: nani ameyaona haya kwa macho? Tunaanza na jirani. Mwaka 1996 jarida la waganga linaloitwa The Lancet lilitoa uchunguzi uliofanywa Tanzania, upande wa Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa. Walilinganisha watu zaidi ya 1,200 wa vijiji viwili. Kijiji kimoja kilikaa ufukweni na kula samaki wa maji baridi kila siku, gramu 300 mpaka 600. Kingine kilikaa juu milimani, kikila mimea na nafaka. Katika kijiji cha samaki, wenye tansiyo ya juu kabisa walikuwa karibu 3 katika kila watu 100. Katika kijiji cha milimani walikuwa karibu 16 katika kila 100. Damu ya watu wa ufukweni ilikuwa na omega-3 nyingi zaidi. Tunaupenda uchunguzi huu kwa sababu haukufanyika kwa samaki wa bahari ya baridi huko Ulaya. Ni ziwa la bonde letu hilihili, samaki wa maji baridi, na watu wanaovua kama sisi.

Kuhusu figo zenyewe, mwaka 2023 jarida la BMJ la Uingereza lilikusanya pamoja chunguzi 19 kutoka nchi 12, jumla watu 25,570 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa figo. Walipima omega-3 katika damu yao, halafu wakawafuata kwa miaka, wastani zaidi ya 11. Wale waliokuwa na omega-3 ya samaki nyingi zaidi waliupata ugonjwa wa figo kwa asilimia 13 pungufu kuliko wale waliokuwa nayo kidogo kabisa. Lakini omega-3 ya mimea peke yake haikuonyesha tofauti. Neno hili ni muhimu kwetu. Sombe na lengalenga ni chakula kizuri, zina omega-3 kidogo ya mimea, lakini mwili unageuza sehemu ndogo tu kuwa ile ya samaki. Majani hayachukui nafasi ya ndagala.

Tuseme pia upande wa pili, maana mwanachama akidanganywa leo, kesho haamini tena. Mwaka 2019 kule Marekani walitoa matokeo ya watu 1,312 wenye ugonjwa wa sukari. Wengine walipewa vidonge vya mafuta ya samaki, gramu 1 kila siku, wengine vidonge vitupu, kwa miaka 5. Mwishoni, figo za makundi yote mawili zilikuwa zimepungua nguvu karibu sawasawa. Kwa hiyo mtu akija sokoni na kichupa cha vidonge vya mafuta ya samaki, akisema "hii inaponya figo", msimpe hela. Asilimia 13 ya BMJ nayo si ngao ya chuma. Inaonyesha njia, haiahidi mtu mmoja mmoja. Tunachoweza kusema ni hiki: kula samaki mara kwa mara, tangu ujana, badala ya nyama yenye mafuta au bugali na chumvi tupu, ni njia nzuri kwa mishipa na kwa figo. Na samaki yuko hapa mbele yetu.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi tuliorudi. Kumbukeni mgao. Tulipokuwa Nyarugusu, tulipokuwa Lugufu, chakula kilikuwa unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta ya kopo, chumvi. Kilituweka hai, na tunawashukuru waliotupa. Lakini samaki hakuwamo katika mgao. Aliyekuwa na hela alinunua dagaa kidogo sokoni, aliyekosa alikosa. Watoto waliozaliwa kule walijifunza chungu bila ziwa. Tangu mwaka 2005 meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, tumelirudia ziwa, lakini chungu cha wengi wetu bado ni chungu cha kambi: bugali, maharage, chumvi nyingi, mafuta mengi ya kukaanga.

Na samaki? Usiku usio na mwezi taa zinajaa ziwani, asubuhi ndagala wanamwagwa mchangani, na kabla ya saa sita wanunuzi wamekwisha kufunga magunia. Mama anayekausha ndagala kutwa nzima anarudi nyumbani kupika sombe isiyo na hata samaki mmoja. Hatumlaumu. Karo ya shule iko, deni la wavu liko. Lakini tunauza omega-3 kwa magunia, halafu tunachanga kumtafutia mgonjwa dawa ya tansiyo. Hesabu hiyo inatupiga mara mbili.

Mzee mmoja alisimama kwenye kikao cha maandalizi, akatuuliza kwa sauti: "Sasa munataka tuache mawese? Mawese njo chakula ya babu zetu!" Jibu letu: hapana, mzee, hatuachi mawese. Mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza vitamini A, macho ya watoto yanakihitaji. Lakini tujue kipimo chake. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda, sehemu 4 katika 10 ni yale yenye nafasi moja, na sehemu 1 tu katika 10 ni poliansachureti. Mafuta ya mbegu ya ndani, ile kokwa ya ngazi, yanaganda zaidi: sehemu 8 katika 10. Hayo ya kokwa tuyaachie sabuni. Alizeti inakaribia sehemu 6 katika 10 za poliansachureti, soya inazidi nusu na ina omega-3 kidogo ya mimea, karanga karibu 3 katika 10.

Kwa hiyo tunashauri mambo haya ya jikoni, na tunaomba yasomwe kwa sauti katika kila kikundi.

Kwanza, samaki wa nyumba. Ndagala wakavu, mikeke, samaki yeyote wa ziwa, angalau mara 2 au 3 kwa juma. Si lazima sahani ijae. Kiganja cha ndagala ndani ya sombe au ndani ya maharage kinatosha kuanzia. Mtoto apewe pia, si baba peke yake.

Pili, ukaushaji. Mafuta ya samaki ni mafuta laini, jua kali na hewa vinayaharibu upesi. Ndagala wakikaa juani siku nyingi, wakawa wa rangi ya kahawia na kunuka uchachu, omega-3 imepungua. Tukaushe juu ya meza ya wavu, siyo mchangani, tuwageuze, na wakikauka tuwafunge mahali pakavu penye kivuli. Akiba hiyo itatusaidia siku za mwezi mkubwa, ambapo wavuvi wanarudi na mitumbwi mitupu.

Tatu, chumvi. Hapa ndipo tunaharibu faida yote. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Samaki wa chumvi alowekwe, maji yamwagwe, na chungu kisiongezwe chumvi nyingine. Kube za mchuzi ni chumvi iliyovaa nguo. Tumia nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu.

Nne, mafuta ya kukaanga. Mama zetu wa mandazi, tusikilizane vizuri. Mafuta laini kama ya alizeti na soya ni mazuri yakitiwa mchuzini kwa moto mdogo, lakini hayavumilii kuchemshwa na kurudiwa siku baada ya siku. Yanavunjika, yanageuka meusi na kutoa moshi, na kile kilichokuwa kizuri kinakuwa kibaya. Tia kidogo, ukimaliza usiyarudie tena na tena. Na wale wanaochoma mawese mpaka yapoteze wekundu, wajue kwamba wanachoma vitamini ya watoto wao.

Tano, karanga na soya shambani. Kipande kidogo cha karanga pembeni ya mihogo kinatosha. Karanga zilizotwangwa ndani ya majani zinapunguza mafuta ya kununua. Angalizo moja tu: karanga zenye ukungu zitupwe, zina sumu.

Sasa tunataka kuweka mpaka, ili ushauri huu usimuumize mtu. Haya yote ni kwa mtu mzima wa afya, na kwa mwenye tansiyo au sukari ambaye figo zake bado zinafanya kazi. Mtu ambaye muganga amekwisha kumwambia figo zimechoka, asifuate karatasi hii. Yeye ana chakula chake cha pekee. Samaki wanaoliwa na mifupa, maharage, ndizi na karanga, ambavyo kwa wengine ni baraka, kwake vinaweza kujaza damu vitu ambavyo figo haziwezi tena kutoa. Amuulize muganga wake. Mwenye dawa za tansiyo naye asiziache eti kwa sababu sasa anakula ndagala. Samaki na dawa vinatembea pamoja.

Na mafuta peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kula mikeke kila siku, halafu akaua figo zake kwa vidonge vya maumivu vya sokoni, vile vya diklofenaki na ibuprofeni, anavyomeza kila jioni juu ya mgongo. Vidonge hivyo vikimezwa muda mrefu vinabana damu inayoingia katika figo. Mgongo ukiuma kila siku, njoo kituo cha afya, tutafute njia nyingine. Dawa za mizizi zisizojulikana kipimo nazo ni hatari ileile.

Ndugu zetu, maneno bila mpango ni upepo. Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo manne, na tunaomba yapigiwe kura leo kabla hatujaachana.

La kwanza ni kipimo cha nyumba. Kila kikundi cha mama wakausha ndagala kitenge kopo moja kwa kila nyumba ya mwanachama, kila mara boti zinaporudi na mzigo. Kopo hilo haliuzwi. Wajane na wazee wasiovua watapata kutoka katika kopo la pamoja.

La pili ni kikapu cha mgeni. Familia mpya ikirudi, sisi tunaipa unga, maharage, chumvi na bidoni ya mafuta. Tunapendekeza kupunguza chumvi, kubakiza mawese kidogo, na kutia ndani ndagala wakavu na mbegu za karanga. Aliyetoka kambini asianze maisha mapya na chungu cha kambi.

La tatu ni kupima. Kila mwanachama aliyepita miaka 40, na kila mwenye sukari, apimwe tansiyo mara 2 kwa mwaka, na mkojo upimwe kwa kale kakaratasi kanakoonyesha kama protini inapita. Protini ndani ya mkojo ni figo inayopiga kelele ya kwanza. Tansiyo ikifika 140 juu ya 90 au kuzidi, apelekwe kituo cha afya, apimwe tena, asitishwe wala asichekwe. Akikutwa na protini, sanduku lilipe kipimo cha kreatinini. Kipimo hicho ni gharama ndogo sana ukilinganisha na safari ya mgonjwa aliyevimba.

La nne ni meza za kukaushia. Vikundi vitoe mbao na kazi ya mikono. Kinachokosekana ni wavu na misumari.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Mara nyingi mnatuuliza tunahitaji nini, na mara nyingi tunajibu "dawa". Safari hii jibu ni tofauti. Tunahitaji mashine 3 za kupima tansiyo zenye mkanda wa mkono mnene na mwembamba, makaratasi ya kupima mkojo ya mwaka mmoja, wavu wa meza, na mbegu za karanga na soya za msimu ujao. Msitutumie vidonge vya mafuta ya samaki. Samaki tunaye. Tunachokosa ni uwezo wa kumbakiza sehemu yake ndogo ndani ya nyumba, na kuujua ugonjwa mapema.

Wanachama, tuliporudi hatukurudi kwa ajili ya kuzikana. Tulirudi juu ya udongo huu na juu ya ziwa hili. Ziwa limetulisha tangu zamani, na sasa hata waganga wa mbali wanakubali kwamba kile lilichowapa babu zetu kilikuwa na faida ndani ya damu. Kazi yetu ni kuacha kidogo chake kibaki chunguni.

 Maswali yako wazi, na kura itapigwa baada ya maswali. Tubakie pamoja.